Thayne Ollerton na Shairi la Lango

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Machi ulipotutoka, ng'ombe wakiwa katikati ya kuzaa na theluji bado imelala malishoni. Tulikuzika Jumanne. Jumatano tulirudi zizini, maana ndama hawangoji matanga. Ungetugombeza kama tusingerudi.

Hukumpiga farasi kwa hasira hata siku moja. Majirani walipougua, ng'ombe wao walipata nyasi kutoka ghalani kwako kabla hawajaomba. Mashairi yako uliyatunga juu ya tandiko, ukiyanong'ona kati ya masikio ya farasi.

Kila mwisho wa Januari ulitupakia kwenye pikapu, mwendo wa saa sita, twende tamasha la washairi wachunga ng'ombe. Siku tatu za magitaa na fidla, mafundi wa matandiko wamepanga kazi zao ukumbini, wazee wakighani beti za farasi waliokufa zamani na kufuta machozi kwa vitambaa vya shingoni. Wewe ulikaa safu ya nyuma. Ukiitwa jukwaani, ulitikisa kichwa. Tulidhani ni haya.

Mwaka jana daktari alikuwa ameshasema la kusema kuhusu mapafu yako. Mama akakataa safari. "Baba Twila, barabara ni barafu tupu, na wewe ngazi tu zinakushinda!"

"Nitashikwa mkono," ukajibu. "Twila, mpigie baba yako mdogo. Mwambie aje huko."

Baba mdogo Garth! Miaka thelathini na minane hakukanyaga nyumbani. Tulikua tukiambiwa kwamba ndiye aliyeacha lango wazi siku ya tufani, ng'ombe sitini na wawili wakatoka, barafu ya mtoni ikawavunjikia, wakazama. Babu akamfukuza siku hiyohiyo.

Alikuja. Alikaa pembeni, kofia magotini. Nawe ukapanda jukwaani umemshika Twila bega, ukaghani kwa sauti iliyobaki:

*Lango la kule mtoni, aliyeacha ni mimi,*
*Baba alipobaini, nikaufunga ulimi,*
*Ndugu kenda ugenini, hana kosa na hasemi,*
*Miaka yote moyoni, moto umetoa ndimi.*

Kikohozi kikakukata. Garth akainuka, akaja hadi chini ya jukwaa.

"Nilijua," akasema. "Nyayo za farasi wako zilikuwa pale langoni. Ukwato mmoja umepasuka. Nani asingemjua farasi yule?"

"Mbona hukusema, mdogo wangu?"

"Mzee angekumaliza. Na mimi, kaka, ng'ombe sikuwapenda kamwe. Nao hawakunipenda." Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. "Lakini barua, Thayne. Barua moja tu ungeniandikia."

Ulishuka ngazi tatu za jukwaa peke yako, ukamwangukia kifuani, na kofia zenu zote mbili zikadondoka.

Hatutaficha, Baba, iliuma. Mama alikaa siku nne bila kukusemesha, kwa kuwa miaka yote alimlaani shemeji yake kwa ajili yako. Siku ya tano alikuletea kahawa kitandani, akakaa ukingoni, akasema, "Ulikuwa kijana mwoga. Haya, kunywa kabla haijapoa."

Garth alirudi nasi. Wiki sita zile za mwisho alikulisha supu, akakunyoa ndevu, mchana akatusaidia kuvuta ndama kwa mikono iliyosahau kazi, huku wewe ukimkosoa kupitia dirishani: "Taratibu, wewe! Huyo si mkokoteni!" Alikuwa amekushika mkono ulipovuta pumzi ya mwisho.

Januari hii tulikwenda tena tamashani. Mfugaji tusiyemjua alimjia Mama, akamwambia kwamba baada ya kukusikia alimpigia simu dada yake. Hakueleza zaidi, nasi hatukuuliza.

Unakumbukwa na mkeo LaRue, binti zako Twila na Neva, mkweo Dorrin, wajukuu zako Shay na Colby, na mdogo wako Garth Ollerton, ambaye hata tangazo la msiba wa babu halikumtaja kuwa mtoto wake.

Hatutakusahau, Baba, wewe mzima: na wema wako, na kosa lako.