Kompyuta Ile Haijaungua

Nyumbani kwetu,
Nyuma ya kiwanda cha matofali,
Jumanne jioni.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu na kwamba kazini wamekupunguzia zamu kama walivyoahidi. Huku sote tu wazima wa mwili. Mama kikohozi kimemwacha, mdogo wangu wa mwisho ameota meno na anayajaribu kwenye vidole vya kila anayembeba, na Baba yuko kwenye cherehani yake kama ulivyomwacha. Mwalimu wa Kiswahili alitufundisha kwamba barua ya kirafiki haiingii kwenye habari kabla salamu hazijakamilika. Basi salamu zimekamilika, Shangazi. Nimekasirika.

Nimekasirika tangu Ijumaa na hasira haijapungua hata kidogo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sitaweza kueleza. Simu ya Mama huongelewa sebuleni, Baba huwa papo hapo anashona, na mimi nikianza kusema hulia. Nikilia wanasema, "Mwacheni, amechoka." Sijachoka. Mama amekubali kuzipiga picha kurasa hizi akutumie, maana nikizitia posta zitakufikia mtihani umekwisha.

Mtihani wenyewe ni ule wa vitendo wa kompyuta. Ni Jumatatu ijayo. Asiyeufanya hawezi kuomba nafasi chuo cha ufundi, na wewe unajua nimekitamani chuo hicho tangu uliponiletea ile redio mbovu nikaifungua. Sasa wameniondoa kwenye mtihani. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujampigia mtu.

Muhula uliopita tulikuwa na mwalimu wa mazoezi, dada mmoja mpole aliyekuja kwetu kukamilisha mafunzo yake ya ualimu. Alikuta stoo ya shule imejaa kompyuta za mezani zilizokufa, akaomba tuzifungue. Tulizifungua na kuzirudishia mpaka vidole vikawa vinajua njia vyenyewe. Alitufundisha kugusa kwanza chuma cha kasha ili umeme wa mwilini utoke. Alitufundisha kwamba kila kifaa kina mlango wake: kikikataa kuingia, usikilazimishe, kigeuze. Kijiti cha kumbukumbu kina pengo dogo linalokuonyesha upande wake, unakibonyeza kwa dole gumba huku na huku mpaka kilie "ta" pande zote mbili. Shangazi, siku kompyuta niliyoiunga mimi ilipowaka kioo, sikuweza kula mchana ule kwa furaha. Nilikaa naiangalia tu.

Kisha muda wake ukaisha akaondoka, na kompyuta mpya zikaja zikiwa vipandevipande kwenye maboksi. Hizi ni za mwalimu wetu wa kudumu, ambaye tunamwita Bwana Waranti kwa sababu ya ile dhamana ya kiwanda anayoitaja kila saa, ambayo hufa ukikifungua kitu. Sitasema uongo, ni yeye aliyehangaika kuandika maombi kila mahali mpaka zikapatikana. Lakini tangu zifike amekuwa kama mtu aliyeachiwa mayai. Ukigusa boksi, "Waranti!" Ukipiga chafya karibu na mazabodi, ile bodi kubwa ambayo vifaa vyote huchomekwa humo, "Waranti!"

Mwalimu mkuu naye akatoa amri yake. Mgeni rasmi alikuwa anakuja Ijumaa kuzindua chumba cha kompyuta, kwa hiyo nailoni isitolewe kwenye kitu chochote, ili wageni waone kwa macho yao kuwa vitu ni vipya. Basi vioo vikabaki na nailoni, kibodi zikabaki na nailoni, hata viti. Kiti cha mgeni rasmi kilikuwa na nailoni, na nitakueleza kilivyomfanya.

Nilichaguliwa mimi kuunga kompyuta ya maonyesho. Msaidizi wangu alikuwa jirani yangu wa dawati, tunayemwita Nukta kwa ufupi wake, akinimulikia tochi ndani ya kasha. Tulianza Ijumaa asubuhi, Bwana Waranti amesimama nyuma yetu. Kila kitu kilienda sawa mpaka nilipofika kwenye feni ya prosesa.

Hapa naomba nieleze vizuri, kwa sababu ndipo kesi yote ilipo. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, nayo hupata moto sana. Juu yake hukaa bamba la chuma lenye feni, na chini ya bamba kuna dawa ya kijivu inayovuta joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye chuma. Likiwa jipya, dawa hiyo hufunikwa kwa nailoni laini isishike vumbi. Ni lazima uibandue kabla ya kufunga. Nilipomweleza Mama, nilichukua sufuria ya maji ya moto nikaiweka juu ya kipande cha bamba la chuma la zamani, kisha nikaingiza mfuko wa plastiki katikati. Akagusa chini, akagusa juu, akasema, "Kumbe! Joto linabaki pale pale." Mama hajawahi kuigusa kompyuta, na alielewa kabla maji hayajapoa.

Nilishika ncha ya ile nailoni niibandue. Bwana Waranti akanipiga kofi mkononi.

"Nailoni haitoki! Hukusikia amri?"

"Mwalimu, hii siyo ya urembo. Imeandikwa hapa pembeni iondolewe."

"Imeandikwa na nani? Wewe umekuwa kiwanda?"

"Lakini mwalimu wa mazoezi alisema..."

"Mwalimu wa mazoezi yuko wapi leo? Mwite aje alipie. Funga hivyo hivyo, wageni wako njiani."

Nukta alisikia. Nikafunga hivyo hivyo.

Wageni walikuja na wazazi wakaja, Baba akiwa safu ya pili na shati lake la harusi. Niliwasha. Kioo kikawaka chini ya nailoni yake, watu wakapiga makofi, na mwalimu mkuu akaanza hotuba ndefu ya maendeleo. Hotuba ikiendelea, nikawa naisikia feni inavyozunguka kwa nguvu, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Kabla hotuba haijaisha, kioo kikazima.

Nikawasha tena. Ikawaka, ikazima. Nikawasha tena, hata haikufika mbali. Kuna aliyesema ananusa plastiki. Mgeni rasmi akainama kutazama, ile nailoni ya kiti ikateleza chini yake, akashika meza asianguke. Watoto wakacheka. Nadhani ni kicheko kile kilichoniponza, maana alipokaa vizuri alitaka achekwe mtu mwingine.

"Ndiyo maana nauliza," akasema, "nani amempa msichana bisibisi?"

Ukumbi mzima ukacheka. Bwana Waranti akaruka haraka, "Mheshimiwa, ni huyu binti. Hakukaza vizuri, ameiunguza." Nikamgeukia Nukta aseme alichosikia. Nukta alikuwa anaangalia viatu vyake.

Shangazi, hayo yote ningeyameza. Kilichonikaa kooni ni kilichofuata. Baba aliinuka. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemuuliza. Akaweka mkono kifuani akasema, "Waheshimiwa, mnisamehe. Ni mwanangu. Ana mkono mzito tangu utotoni, nitamfunza." Mkono mzito! Mimi ninayemtungia uzi kwenye sindano kila jioni kwa sababu macho yake hayaoni tena tundu! Wote wakatikisa vichwa kwa huruma, wakamsifu mzazi mwenye adabu, na kuanzia hapo ikawa imethibitishwa. Nani atauliza tena nani kaiunguza, wakati baba mzazi ameshakiri?

Nyumbani nilimuuliza.

"Baba, ulijuaje kama ni mimi?"

"Sikusema ni wewe. Nimesema watusamehe."

"Ulisema nina mkono mzito."

"Aah, yale ni maneno tu ya kutuliza watu. Si umeona wametulia?"

"Wao wametulia. Mimi je?"

Akakanyaga cherehani. Unamjua ndugu yako akitaka mazungumzo yaishe, hukanyaga cherehani hata kama hakuna kitambaa.

Najua sababu yake. Sare za shule anazishona yeye, na anayempa kazi hiyo ni mwalimu mkuu. Mimi si mtoto mdogo, najua tunachokula kinatoka wapi. Lakini angeweza kunyamaza, Shangazi. Kunyamaza tu! Hata sikutaka anitetee. Ningependa akae kwenye kiti chake na shati lake zuri, anitazame kama mtu anayesubiri kusikia upande wangu.

Ijumaa ile ile jina langu lilifutwa kwenye mtihani, na Jumapili nikaletewa ujumbe kwamba nimesamehewa kwa sharti moja: nisimame Jumatatu asubuhi, yaani jana, mbele ya shule nzima niombe radhi, kisha nitarudishwa kwenye mtihani. Baba akasema niseme tu, neno halichubui ngozi. Nilikwenda nikiwa nimekusudia kulisema. Nakuapia, nilikuwa nalifanyia mazoezi njiani. Nikapanda pale mbele, nikamwona Bwana Waranti amekunja mikono anatabasamu, na neno likakataa kutoka.

Nikasema, "Nimeagizwa niombe radhi. Mimi naomba kompyuta ile ifunguliwe mbele yetu sote, tuangalie chini ya feni. Kama hakuna nailoni, nitaomba radhi hapa kila asubuhi mpaka nimalize shule. Tena kompyuta yenyewe haijaungua. Hujizima ili isiungue. Ikitolewa nailoni na kupakwa dawa mpya, itawaka."

Wanafunzi wakasema "Eeee!" kama wako mpirani. Bwana Waranti akapaaza sauti, "Haifunguliwi! Ikifunguliwa, waranti imekufa!" Na mtu mmoja huko nyuma akajibu, "Mwalimu, si yenyewe imeshakufa?" Nilisikia raha mara moja tu siku ile, na ilikuwa hapo. Mwalimu mkuu hakucheka. Alisema nimemdharau mbele ya shule, nichukue mkoba wangu niende nyumbani, nisirudi bila mzazi.

Nukta alinikimbilia getini.

"Nilisikia ulivyomwambia," akasema. "Nikiulizwa nitasema."

"Mbele za watu?"

Akafikiri. "Ofisini," akasema.

Nikamwambia asante, lakini nilisema vibaya, na yeye akaona.

Baba hajanisemesha tangu jana. Anaongea na mimi kupitia kwa Mama: "Mwambie mwanao anipe mkasi." Mkasi uko mbele yangu. Nami namjibu hivyo hivyo, "Mama, mwambie mumeo huu hapa." Mama anasema tukiendelea atatutoza nauli ya kupeleka maneno.

Sasa sikiliza ombi langu. Baba ameshasema Alhamisi anakwenda kwa mwalimu mkuu, na anakwenda kuomba. Ameshapiga pasi lile shati. Akiomba, najua atakubaliwa, kwa sababu mwalimu mkuu anapenda kusamehe. Mtihani nitaufanya. Lakini nitaingia mle ndani kama mtu aliyeunguza kompyuta akahurumiwa kwa ajili ya baba yake, na kila nitakaposhika skrubu msimamizi atanitazama mikono. Na chuoni barua ya shule itasema nini? Kwamba ana adabu?

Wewe ndiye dada yake mkubwa, na hakuna mwingine anayemsikiliza bila kukanyaga cherehani. Mpigie kabla ya Alhamisi. Usimwambie agombane na mtu, wala asiipoteze kazi ya sare. Mwambie aje tu asimame pembeni yangu na mikono yake mfukoni, asiseme lolote, mpaka kasha lile lifunguliwe. Mwambie kama hawezi kunyamaza, heri abaki nyumbani, niende na Mama. Mama amesema yuko tayari, ila kamwe hataanza yeye kumwambia.

Nimefikiri sana kama huenda mimi ndiye niliyekosea, kama wanavyosema wote. Nimerudia kila hatua kichwani. Sijakosea, Shangazi. Ile nailoni iko pale. Najua ipo kwa sababu niliibonyeza kwa vidole vyangu mwenyewe, bamba likaikalia, nikakaza skrubu moja baada ya nyingine, huku najua ninachokifanya ni kosa na nimeamriwa na mtu mzima nilifanye. Sitaki kusamehewa kwa kumtii. Nataka wafungue.

Nisalimie mjomba mume wako, na mapacha, uwaambie wasimalize daftari zote kwa michoro ya magari. Bibi anakusalimu sana, na anauliza kama huko kuna baridi. Mama anakusalimu na ameziona kurasa hizi zote. Alipofika mahali pa mkasi alicheka mpaka Baba akauliza kuna nini. Hakuambiwa.

Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe afya na mgongo usiouma, na akupe pia ukali kidogo kwa ajili ya simu ya kesho.

Wako akupendaye hata akiwa na hasira,

Binti wa kaka yako.