Kuku wa Mama Ivy na Ufito wa Kulalia

Jumatatu, 22 Septemba

Siku ya tisa tangu kuku sita wa mama mkwe, Mama Ivy, wahamie kwetu. Wote sita wamelala tena ndani ya viota. Ufito wa kulalia mtupu, msafi kama siku mume wangu Rex alipoupigilia misumari. Mayai matatu leo — yote yamepakwa mavi.

Nimeyaosha, nimeyatia kwenye keki. Mayai ya kushindanishwa kwenye maonyesho hayaoshwi. Hiyo ndiyo sheria, na mwamuzi wetu hulijua yai lililooshwa kwa kulipapasa tu.

Jana tulikwenda kumwona Mama nyumba ya wazee. Alisema sahani yake ya mayai sita ya kahawia haijakosekana mezani kwenye maonyesho ya wilaya tangu Rex azaliwe, na mwaka huu atasukumwa kwa kiti chake cha magurudumu aje aione. Wifi Glenys akadakia kwamba basi kuku apewe yeye, binti wa kuzaliwa, maana banda lake lina adabu. Nikajibu kabla sijafikiri: sahani ya Mama isipokuwepo mezani, njoo uwachukue. Mama akaitikia kwa kichwa, akaomba biskuti.

Basi. Maonyesho ni Jumamosi, tarehe 18 Oktoba. Mayai hupokelewa ukumbini Ijumaa, mwisho saa tatu asubuhi.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimepima. Viota: sentimita 95 kutoka chini. Ufito: 60. Rex aliviweka viota juu kwa ajili ya mgongo wangu, nisiiname. Nampenda kwa hilo. Lakini nimempigia Mama simu, akacheka mpaka muuguzi akaja kumtazama. Kuku hulala pale palipo juu kuliko kote, alisema. Akaniuliza kama mimi hulala sakafuni na kitanda kipo.

Rex akataka kujua nachagua kipi, mgongo au mayai. Mayai.

Jumamosi, 27 Septemba

Viota vimeshuka hadi 40, ufito umepanda hadi 110. Tena si ule mti wa mviringo — ni ubao bapa, kuku avifunike vidole vyake kwa tumbo. Nimebandika ratiba mlangoni. Saa kumi na moja jioni nafunika viota kwa gunia. Saa kumi na mbili na nusu, giza likiingia, nampandisha kila aliyejibanza chini. Asubuhi gunia linatoka.

Nimepandisha sita. Wameshuka watano.

Jumatano, 1 Oktoba

Wanne juu kwa hiari yao! Thelma anagoma. Ndiye mkubwa wao, na jina lake ni la mwanamke aliyemshinda Mama kwenye maonyesho miaka mingi iliyopita. Mama huwaita kuku wake wote kwa majina ya mahasimu. Nilimpandisha mara tatu. Mara ya nne akanidonoa kwenye saa.

Ijumaa, 3 Oktoba

Sita juu. Wamebanana kama watu kanisani. Mayai matano, safi. Rex amenikuta nimesimama bandani nikitabasamu peke yangu.

Jumapili, 5 Oktoba

Aibu.

Leo saa zimesogezwa mbele kwa saa moja, kama kila Oktoba huku kwetu, kiangazi kikikaribia. Nilizisogeza zote kwa makini: ya jikoni, ya chumbani, ya gari, ya mkononi. Kisha nikaifuata ratiba. Saa kumi na moja nikafunika viota — kwa jua ilikuwa saa kumi, na Thelma alikuwa hajataga. Akazunguka gunia akilalamika. Saa kumi na mbili na nusu nikaenda kuwalaza. Jua limewaka, wao wako bustanini wanachakura. Mtu mwenye akili angerudi ndani. Mimi nikachukua ufagio.

Wakaruka wote sita juu ya kamba za kuanikia nguo, zile zinazozunguka juu ya nguzo yake. Kwenye shuka zangu. Upepo ukavuma, wakaanza kuzungushwa taratibu, wananitazama mmoja baada ya mwingine.

Rex alisema si nilitaka walale juu.

Jumanne, 7 Oktoba

Hakuna yai. Jana pia. Thelma ndiye aliyeudhika zaidi, hata dirishani kwangu hapiti.

Glenys amepiga simu. Ana habari zote. Rex hawezi kukaa na kitu tumboni. Ameuliza kwa upole kama tundu moja litatosha kuku sita au alete mawili.

Nimeichana ratiba. Sasa nafuata jua.

Jumapili, 12 Oktoba

Mayai mawili leo, safi! Lakini Mama anasema ya mezani yasizidi siku nne, kwa hiyo haya ni ya kula. Tulipomtembelea leo nilimweleza yote, hata ufagio. Nilidhani atakasirika. Akanishika mkono.

"Maureen, mwanangu, wale hawafanyi kazi posta kama wewe. Waache."

Thelma bado hajataga.

Alhamisi, 16 Oktoba

Watano wanataga tena. Ninayo matano yanayofaa: safi, rangi moja, umbo moja. La sita lina doa kama kichwa cha pini. Rex alilitazama, akakitazama kitambaa kibichi kwenye sinki, akasema hakuna atakayejua. Nikamwambia Mama atajua. Akakubali kwamba ni kweli.

Jioni wote sita walipanda ufitoni wenyewe. Thelma wa kwanza. Sikumgusa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Saa mbili na dakika ishirini. Naandika bandani, nimekalia ndoo. Lile la leo asubuhi limetoka jeupejeupe, halifanani na wenzake. Bado nina matano. Kwenda ukumbini ni dakika kumi na tano.

Na Thelma ameingia kiotani! Nyasi mpya, kavu. Ana robo saa humo.

Saa mbili na dakika ishirini na saba. Rex amewasha gari. Glenys naye amefika, anapita njiani kupeleka ukumbini sahani ya mayai ya kuku wake. Tundu liko kwenye kiti cha nyuma, nimeliona. Nilisubiri kejeli. Amekuja hadi mlangoni, amechungulia, kisha amerudi kwa Rex na kumwambia azime hiyo injini, kwani anafikiri kuku atatagaje kwa kelele hizo.

Saa mbili na dakika thelathini na mbili. Nimemnong'oneza Glenys kwamba yeye aende, atachelewa na sahani yake. Hakwenda.

"Usimkodolee macho, wifi. Mama alikuwa hamtazami kuku anayetaga. Yai likitoka, atatetea mwenyewe."

Kwa hiyo tumegeuka. Mimi, Rex, Glenys na sahani yake mkononi. Tunautazama mlimau.

Saa mbili na dakika thelathini na tisa. Nyasi zinachakarika nyuma yetu. Glenys amenishika kiwiko — siwezi kuandika vizuri. Nachungulia kwa pembe ya jicho: Thelma amesimama. Bado hajatetea.