Sindano Zangu, Sahihi ya Spès

Ijumaa, 4 Novemba 1994

Barua imefika. Rutayisire ameisoma amesimama, kama padri. Yeye ndiye mkubwa wa dispanseri yetu hapa Kabeza, na karatasi ikiwa na muhuri lazima aisimamie. Eti wote wanaogusa wagonjwa waende formasiyo, mafunzo. Siku tano! Juu ya nini? Juu ya kufuata kanuni. Si dawa mpya, si ugonjwa mpya — kanuni. Tuna wagonjwa arobaini kila asubuhi na vitanda viwili, halafu twende tukafundishwe kutii.

Mwisho wa wiki kila mtu anapewa kadi. Mwenye kadi anachoma sindano. Asiye na kadi anafagia.

Ili upate kadi, onyesha diploma. Kama ilipotea kwenye vita, lete mtu mwenye diploma yake aandike kwamba mlisoma pamoja. Rutayisire amenivuta pembeni. Amesema, Kamikazi, ya kwako iliungua Bujumbura. Nimemwambia Bujumbura nilikuwa na moto wa kupikia maharage tu. Hakucheka. Amesema Spès ataniandikia.

Spès ndiye muganga wa kweli peke yake tuliye naye. Ana diploma na miaka kumi na tisa ya kazi. Yeye alikuwa hapa Kigali, hapa hapa, mwezi wa nne. Hatumuulizi. Ila mkono wake wa kulia unatetemeka, hata kikombe anakishika kwa yote miwili. Kwa hiyo tuko na mpango wetu: mimi nachoma, yeye anasaini daftari. Tangu Agosti. Nani amelalamika? Hakuna! Nina mkono mwepesi, wote wanasema.

Na nilijifunza mwenyewe! Miaka miwili nyuma ya kaunta ya Libère, kule Buyenzi, Bujumbura, famasi yake ya mlango mmoja. Kuangalia, kuuliza, kuchoma machungwa, halafu kuchoma watu. Hiyo si shule?

Jumatatu, 7 Novemba

Formasiyo iko darasani, shule ya msingi. Magoti yanagonga meza.

Mwalimu anaitwa Bwana Bruce. Mnyarwanda wa Kampala, kalamu nne mfukoni, viatu havijui matope. Kinyarwanda chake kinaishia kwenye salamu. Kifaransa hana. Kiswahili chake ni cha kuamrisha: kaa, simama, leta. Na sisi watu kumi na sita, wengi tumekulia Burundi, Kiingereza chetu ni "yes". Anatuangalia. Tunamwangalia. Dakika tano za formasiyo zimekwisha hivyo.

Basi nimenyoosha mkono. Kiingereza nilikiokota kwenye redio na kamusi moja iliyochanika. Nimemwambia naweza kutafsiri. Uso wake! Kama mtu aliyerudishiwa pochi. Sasa mimi ndiye mdomo wake. Anasema yake, naigeuza Kinyarwanda, nikikwama naiweka Kiswahili, wanaelewa.

Kanuni ziko kumi na mbili. Ya kwanza, kunawa mikono. Bomba la shule limekauka. Amesema tufanye zoezi bila maji. Watu wazima kumi na sita wamesimama wananawa hewa! Kiganja, mgongo wa mkono, katikati ya vidole. Aidah wa dispanseri ya Kinyinya akauliza kama sasa tujipanguse. Nikatafsiri. Bruce akasema ndiyo, na akamshukuru kwa swali zuri.

Nimecheka mpaka nyumbani.

Jumanne, 8 Novemba

Kanuni ya tano: siri ya mgonjwa. Mwingine asisikie. Jamani! Kwetu kati ya benchi na chumba cha sindano kuna kitenge. Juzi mama mzee Mukasine alikuwa benchi anangoja zamu. Upande wa pili kijana mmoja ananinong'oneza shida yake ya kukojoa. Mama Mukasine akamjibu kutoka huko huko kwamba marehemu mume wake alikuwa na hiyo hiyo, akataja na dawa. Na alipatia!

Nimemhadithia Bruce. Ameandika kwenye karatasi yake: wawekewe mlango. Mlango! Nusu ya nyumba za Kabeza hazina milango, ilibebwa pamoja na mabati, huyu anataka mlango kwa ajili ya mkojo.

Kanuni ya saba: anayechoma ndiye anayesaini. Ameirudia mara tatu. Nimeitafsiri mara tatu, sauti imara kabisa. Spès alikaa mstari wa mbele, mikono chini ya meza. Hakuniangalia. Nikawaza: kanuni za watu wenye mikono mizima.

Jioni ameniandikia ile karatasi. Eti tulisoma pamoja. Yeye anamaliza shule mimi nina miaka mitatu! Rutayisire ameisoma, amepiga muhuri, ameipuliza wino ukauke. Hakuna atakayepiga hesabu. Spès amenipa. Herufi zake zimekuwa kama nyayo za kuku. Nimesema asante. Amesema nisiikunje.

Jumatano, 9 Novemba

Leo Bwana Bruce amechora tako ubaoni.

Amelichora kwa bidii, na kivuli. Aidah amesema ni mkate. Mtu wa nyuma akasema mkate wa Kampala huo, umeshiba siagi. Darasa limelala kwa kicheko. Bruce ananiuliza wanasema nini. Nimemwambia wanauliza kama ni la mwanaume au la mwanamke. Amejibu kwa makini sana kwamba haidhuru.

Halafu amepiga msalaba juu yake, robo nne. Mnachoma robo ya juu, ya nje. Hiyo tu. Katikati hapana, chini hapana. Kuna mshipa wa fahamu unapita hapo, mnene kama kidole, na kwinini ikimwagika juu yake mguu unalegea. Mtoto mdogo, afadhali paja.

Nimetafsiri yote, neno kwa neno. Halafu nimesahau kufunga mdomo.

Libère alinifundisha katikati. Penye nyama nyingi, alisema, ndipo hapaumi. Katikati. Siku zote katikati.

Wenzangu wakinywa chai nimeenda nyuma ya darasa nikajishika mwenyewe kwa vidole, kupima, kama mwizi. Juu ya nje ni huku. Mimi nachoma hapa. Vidole vinne kati yake. Vinne!

Upuuzi. Nimechoma watu mia mbili, labda mia tatu. Wote wametoka kwa miguu yao.

Hapana. Watoto wanatoka wamebebwa mgongoni. Nani amewahi kuangalia mguu wa mtoto aliyebebwa?

Upuuzi, nasema. Mtu anayenawa hewa aje anifundishe sindano!

Alhamisi, 10 Novemba

Leo mazoezi yamefanyika kwetu, dispanseri. Darasa zima limekuja. Bruce amekagua. Sanduku la sindano zilizotumika: katoni ya biskuti, ametikisa kichwa. Kitenge: ametikisa kichwa. Nilikuwa nimeshapanga utani wa kumwandika hapa leo.

Saa nne akaingia Nahimana.

Ni mama Mrundi, amekimbia kwao mwaka jana na mtoto mmoja, anauza ndizi kwenye barabara ya Kanombe. Wiki tatu nyuma alimleta mwanawe Clovis, miaka minne, anaungua kwa malaria, macho yamegeuka. Nilimchoma kwinini siku tatu. Akapona! Nilijisifu wiki nzima.

Leo hakuja kulalamika. Amekuja na ndizi! Za kunishukuru mimi. Amemshusha Clovis mgongoni, akamwambia nenda kamsalimu dada.

Mtoto akaja. Mguu wa kulia vidole vinafagia sakafu kwanza, halafu unyayo unadondoka. Anaunyanyua goti juu, juu, kama anapanda ngazi ambayo haipo. Ameniletea mkono wa salamu anacheka.

Nahimana anasema ni uvivu wa ugonjwa. Anamwambia kila siku aache mchezo, atembee vizuri. Jana amemchapa kidogo.

Bruce amechuchumaa kwenye sakafu, na suruali yake ile. Amemkwaruza unyayo kwa kalamu. Amemwomba avute kidole cha mguu juu. Kidole hakikuvutika. Clovis mwenyewe alikikodolea kama si chake. Bruce akaomba daftari. Kwa hilo hakunihitaji, tarehe anajua kusoma. 18 Oktoba. 19. 20. Clovis. Kwinini. Sahihi: Spès, Spès, Spès.

Akamgeukia Spès. Na mimi, mdomo wake, nikamuuliza mama yule mtu mzima kama sahihi ni yake.

Amesema ni yake.

Nikamuuliza kama anamkumbuka mtoto.

Amesema anamkumbuka.

Nilingoja aongeze. Nilitaka aongeze na nilitaka asiongeze. Hakuongeza.

Kama Bruce angepiga kelele ningejua namna ya kumchukia. Hakupiga. Amesema mtoto aende hospitali, wamnyooshe mguu kila siku, labda utarudi wote, labda nusu. Kesho mama aje naye darasani, ripoti ijazwe mbele ya wote, ndiyo kanuni ya kumi na mbili. Aliyechoma anaondolewa kwenye sindano na jina lake linakwenda wizarani. Halafu amenishika bega, amesema natafsiri vizuri sana. Kadi yangu atanipa ya kwanza.

Rutayisire amenifuata kwenye stoo. "Funga mdomo, sha. Wewe uko na maisha mbele. Yule muzee amechoka, atapumzika."

Nimemuuliza atapumzika kwa kula nini. Amesema hiyo si kazi ya formasiyo.

Ndizi ziko hapa mezani. Sijazigusa.

Ijumaa, 11 Novemba

Naandika chooni. Choo cha shule, nimechuchumaa na kaye yangu hii ya kuandikia iko kwenye goti. Nimesema tumbo.

Nianze na asubuhi. Kadi zimepangwa mezani kama karata. Yangu iko juu, nimeona jina. Mbele wamewekwa Spès kwenye kiti kimoja, Nahimana kwenye kingine, Clovis amepakatwa. Bruce amekaa na fomu. Amejaza jina la mtoto, umri, dawa. Amefika mstari unaosema nani alichoma. Daftari liko wazi pale, angeweza kunakili tu! Lakini mwenyewe na kanuni zake: lazima ahakikishe kwa mgonjwa au mzazi. Kanuni zake zote hizi za kuchekesha, na hii moja haichekeshi.

Akaniambia nimuulize mama ni nani alimchoma mwanawe.

Nikamuuliza. Kwa Kinyarwanda, polepole, kama kweli sijui.

Nahimana aliniangalia kama mtu anayetaniwa. "Ni wewe, dada. Siku zote tatu ulikuwa wewe. Si ulimwimbia?"

Hakuonyesha kidole. Mikono ilikuwa na mtoto.

Aidah, yule wa mkate, aliangalia sakafu. Rutayisire alikohoa. Wote kumi na sita wanajua Kinyarwanda. Wote wamesikia. Bruce peke yake hakusikia, na kalamu iko kwake. Ananiangalia. Ananiuliza amesema nini.

Nikasema tumbo, nikatoka mbio.

Yaani ningeweza kusema lolote! Naingia, nasema mama ameonyesha Spès, na hakuna hata mmoja atakayefungua mdomo. Nawajua. Kila mmoja wao ana karatasi yake iliyoungua mahali. Kwa kadi zao watanisaidia kudanganya, wakitoka wataniita mbwa, na Jumatatu wataniletea watoto wao nichome.

Na nikisema kweli? Kufagia. Hapo ni kama niko na bahati. Na Spès yuko ndani vile vile, amesaini asichofanya, na ameandika tulisoma pamoja. Nikianguka namvuta. Nisipoanguka namsukuma. Nani alitengeneza mpango huu? Tulikuwa wajanja!

Mtu anayejifunza mwenyewe hana wa kumwambia hapo sipo. Sikuwahi kuliwaza hilo. Libère naye labda alijifunza mwenyewe. Machungwa hayana mguu.

Viatu nje. Vya mpira, vinaburuzika kidogo. Spès.

Ameniita kwa jina. Nimesema naumwa. Amesema anajua ninaumwa nini.

Nasikia anavyopumua. Halafu amesema karibu na mlango, bila kunong'ona, sauti ya kuagiza pamba:

"Ingia umwambie ni mimi. Mimi sina mkono wa kunyang'anywa."

Nimemwambia mtoto nimemharibu mimi, si yeye.

Amesema ndiyo. Amesema na kuanzia leo unajua pa kuchoma, na huyu wa Kampala akiondoka na wewe ukipewa ufagio, Jumatatu wagonjwa arobaini nani atawachoma — yeye? Akaupitisha ule mkono kwenye uwazi wa juu ya mlango ili niuone. Vidole vinacheza vyenyewe.

Naandika ili nisimjibu.

Bruce ametoka kwenye ngazi za darasa, anauliza kwa Kiswahili chake kama nimemaliza. Spès amemjibu bado kidogo. Mkono wake hajautoa. Komeo la mlango liko upande wangu.