Nilimponza Gloria kwa lori la mwaka juzi

Shangazi Raudha, shikamoo. Nisaidie kabla ya Ijumaa maana nimefanya ubaya na sina wa kumwambia. Mimi ni mtu wa kompyuta katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Tunduma, nina diploma na miaka sita kazini, mfumo wetu una kumbukumbu za malori laki nne, karibu yote yalishavuka kwenda Zambia, na dereva akiulizia karatasi zake tulikuwa tunasubiri mpaka chai inapoa, basi akaja Gloria, binti wa Ileje, hana hata mwaka kazini, akatengeneza indeksi, yaani orodha ya kutafutia, ya malori ambayo hayajavuka tu, kama mia tatu hivi, majibu yakawa yanakuja papo hapo, na bosi wetu mzee Athuman kila asubuhi ni Gloria, Gloria, hata madereva wananipita mimi wanakwenda dirishani kwake, shangazi, nikaingiwa na wivu.

Nikamwambia bosi indeksi ile ni nusu, imeruka malori, na ili aamini nikatafuta mbele yake lori lililovuka mwaka juzi, mashine ikasuasua kweli, akaamuru indeksi ifutwe, sasa foleni ya madereva imefika barabarani, lawama zote kwa Gloria, eti ndiye aliyeharibu mfumo, Ijumaa anaachishwa kazi, naye bado ananiita kaka na kuniomba nimsaidie kutafuta kosa. Nifanyeje?

Aziz, Tunduma

Marahaba, Aziz. Kupitwa na mgeni kunauma, pole. Lakini hiyo ni fitina, tuiite kwa jina lake. Orodha ni ya wanaosubiri, wewe ukaenda kumtafuta humo aliyekwishaondoka. Mpwa wangu Jenista anafanya kazi hizo Mlowo, ameniambia kumbukumbu za malori yote zimo palepale, hakuna lililopotea. Indeksi ni fupi kwa makusudi, ndiyo kasi yake. Na la mwaka juzi huulizwa mara ngapi? Ulisomea hayo, ukayatumia kumchimbia mwenzako shimo.

Usingoje Ijumaa. Kesho asubuhi ingia kwa mzee Athuman, Gloria akiwepo. Tafuta lori lililo foleni sasa hivi, rudisha indeksi, tafuta tena, aone mwenyewe. Kisha sema kwamba ulimdanganya, na ulijua. Usithubutu kusema "tulikosea".

Huenda kazi itakayopotea ikawa yako. Ipotee.