Mwaka wa Jumatatu

Isiolo, 3 Februari 2025

Kaltuma,

Salaam aleikum. Mimi mzima, ila goti. Natumai nawe u mzima huko Nairobi.

Orodha ya waliofukuzwa Biliqo, wale watakaorudishiwa malisho na visima, imebandikwa kwa chifu. Jina langu halimo. La Hibo, mjane wa Mamo, halimo. Nasikia ni kompyuta yako iliyotuchuja. Nieleze kwa nini, na usinieleze kama mtoto.

Mjomba wako,
Halkano

Nairobi, 9 Februari 2025

Mjomba,

Waaleikum salaam. Pole na goti.

Sikuchuja mtu. Programu imeandikwa kwa R, lugha ya kompyuta wanayotumia wanasayansi, na inafuata kanuni. Wewe uliyemaliza vitabu vyote vya maktaba ya Isiolo, nimetuma programu, majibu yenu yote kwa maswali yetu na masomo ya R kwa saiba ya Muthomi, pale dukani kwake kwenye kompyuta za kukodi. Jisomee. Ukishindwa, tuache tufanye kazi.

Mpwa wako,
Kaltuma

Isiolo, 24 Machi 2025

Kaltuma,

Salaam aleikum. Goti bado. Afya yako utaniambia ukipenda.

Wiki sita nimekaa kwa Muthomi. Ananicheka nikigonga herufi kwa kidole kimoja: "Mzee, hii mashine itazeeka kabla umalize sentensi." Lakini nimejua aina za data: namba, maandishi, kweli au si kweli. Nimejua "kama" na "vinginevyo", na kitanzi kinachorudia kazi ileile kwa kila mtu.

Mlituuliza tulifukuzwa mwaka gani. Kwetu miaka huitwa kwa siku za juma, na baada ya saba jina hurudi. Nilijibu: mwaka wa Jumatatu. Mstari wako wa 52 unalazimisha jibu liwe namba. Langu likashindwa, likawa pengo. Mstari wa 60 unasema: kama kuna pengo, mtu atolewe. Tumetolewa arobaini na mmoja.

Hilo lingekuwa kosa, ningekusamehe. Ila R hutoa onyo inapopoteza jibu namna hiyo, na wewe kwenye mstari wa 52 umeweka amri ya kunyamazisha onyo. Uliliona. Na majina ya miaka hiyo mama yako, dadangu, alikufundisha kabla hujajua kusoma.

Mjomba wako,
Halkano

Nairobi, 27 Machi 2025

Mjomba,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, asante kwa kuuliza nusu.

Nilipewa siku mbili, na bosi asiyetaka kusikia habari za Jumatatu. Sasa nimekuingiza. Orodha mpya na programu yake viko kwa Muthomi. Umepata Biliqo yako. Nyamaza basi, mkataba wangu unaisha Juni na nataka uongezwe.

Kaltuma

Isiolo, 2 Aprili 2025

Kaltuma,

Salaam aleikum.

Nimesoma programu mpya. Mstari wa 55: kama jina ni Halkano, mwaka uwe 1966. Ndivyo ulivyonirudisha nyumbani. Hibo alikuja kunipongeza. Alikunywa chai, akauliza jina lake litatoka lini, na mimi nikaangalia kikombe.

Nimeandika kitanzi cha mistari kumi na miwili, Muthomi amekutumia. Mlituuliza pia chifu wa wakati ule alikuwa nani, na jibu liko safu ya tisa. Basi kwa kila mzee, kama mwaka ni jina la siku, kitanzi kinatazama chifu, kinajua ni Jumatatu ipi, kinatoa namba. Wote arobaini na mmoja wamepata mwaka.

Kiweke. Kama hutaki, ufute mstari wa 55. Sitanywesha mbuzi kisimani ambapo Hibo amekatazwa.

Mjomba wako bado,
Halkano

Nairobi, 11 Aprili 2025

Mjomba,

Waaleikum salaam. Goti linaendeleaje?

Kitanzi chako nimekiendesha mara mbili. Ni sahihi, na kimeandikwa vizuri kuliko changu. Nikikiweka, bosi atauliza kwa nini hakikuwepo Januari, na atafika mstari wa 52.

Nimefuta mstari wa 55. Orodha ya mwisho imetumwa leo asubuhi. Wewe na wale arobaini hamumo.

Mpwa wako,
Kaltuma