Mazoezi ya Msiba Wangu

Newala, Jumanne

Careen mwanangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini naitikia mapema maana unachelewa. Mikorosho imechanua. Mama yako ameninyima chumvi, eti daktari kasema, kama vile chumvi ndiyo iliyoleta kansa kwenye ini.

Tangu tulipopewa majibu yale umekimbilia Masasi, na kamera umeiacha uvunguni mwa kitanda. Filamu yako juu yangu umeikatisha katikati, nami ndiye staa!

Sasa sikia. Jana alikuja mtani wangu Mujibu. Nikamuuliza, "Siku yangu ikifika, utaniigizaje pale msibani?" Akachukua kofia yangu na fimbo, akatembea akijikohoza, akimtukana jogoo, akimbembeleza mama yako amwongeze ugali. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Mama yako akatoka na mwiko: "Nyie wazee hamna haya! Mtu hajafa mnamfanyia matanga?" Kisha akaficha uso kwa kanga, mabega yakimtikisika. Alikuwa anacheka.

Nikawaza: kila maiti huigizwa na watani wake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona. Mimi nataka kuona. Njoo Jumamosi umrekodi Mujibu, unionyeshe kabla sijafumba macho. Miezi tuliyopewa ni michache, lakini Jumamosi imo.

Ukilia, lia tu, mwanangu. Ila mkono usitetemeke, picha itaharibika.

Ni mimi baba yako, ambaye hujanizika bado,
Pancras