Kadi Sita za Oili ya Gia

Kaka yangu,

Pokea salamu zangu, na kama uko gereji nawa mikono kwanza, maana najua karatasi huishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya. Hujambo wewe? Wifi hajambo? Yule mdogo wenu kikohozi kimemwacha? Sisi huku hatujambo kiasi, na hicho kiasi ndicho kilichonikalisha chini niandike. Kwenye simu ungenikatiza. Mimi nikisema neno moja, wewe umeshasema kumi na kucheka juu yake. Barua haikatizwi, kwa hiyo isome mpaka mwisho, hata ukifika mahali utakapotaka kuikunja.

Naandika nikiwa kwenye benchi la korido, nje ya wodi ya wanawake. Mama yuko ndani, kitanda cha tatu kutoka mlangoni, na leo ni siku ya tisa. Najua wifi alikuambia amelazwa. Najua pia umetuma matunda mara mbili na hujaleta uso wako hata mara moja. Mama anakutetea. Anasema fundi mzuri hana siku ya kupumzika, wateja hawamwachii, nisikusumbue. Mimi nammenyea chungwa lako.

Nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu wewe uliipata nusu nusu kwa simu. Jumanne ile ilikuwa zamu ya mama ya kusafishwa damu. Unajua mashine yake huanza saa tatu asubuhi, na ukichelewa anawekwa mwingine. Tulitoka mapema. Mama alikaa mbele, miguu imevimba lakini mdomo mzima, ananisimanga kwamba nakata kona kama nakata kitambaa. Tulipofika kwenye ule mlima wa kabla ya hospitali, injini ikanguruma na gari lisiende. Nikakanyaga mafuta, likanguruma zaidi, kisha tukaanza kurudi nyuma taratibu. Nikavuta breki ya mkono. Mama wala hakushtuka. Aliniambia nimpigie kaka yangu, kwani gari lina mtu wake anayelijua.

Nikakupigia. Ulisema giaboksi haiwezi kuwa na tatizo, oili yake umeibadilisha mwezi uliopita kwa mikono yako mwenyewe. Ukasema limechemka tu kwa sababu ya mlima, nizime, nisubiri nusu saa lipoe, halafu niondoke polepole. Nikazima, tukasubiri. Jua lilikuwa linampiga mama usoni, nikaziba dirisha kwa mtandio wangu. Nusu saa ilipotimia gari lilisogea kama hatua ishirini, likatoa harufu ya kuungua, likafa palepale. Mpaka tukapata watu wa kulisukuma pembeni na gari jingine la kutufikisha, mashine ya mama ilikuwa na mtu mwingine. Tukaambiwa turudi Alhamisi. Jumatano mchana mama akashindwa kulala chali, maji yamempanda kifuani, nikamrudisha hapa akiwa anahema kama aliyekimbizwa.

Gari nilitaka kulileta kwako, lakini siku mbili nzima hukupokea simu. Nikalivutisha hadi kwa fundi wa giaboksi, mama mmoja mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa waya, watu wanamwita Bibi Gia. Si mtu wa maneno mengi. Aliingia chini ya gari, akakaa huko, akatoka akaniuliza kama gari hili lina fundi. Nikamwambia lina fundi tangu siku mama alipolinunua kwa kiinua mgongo chake. Akasema basi huyo fundi hajawahi kulala chini yake. Bolti za bakuli la chini la giaboksi, lile mnaloliita sampo, ambalo oili haimwagiki bila kulifungua, zilikuwa bado na rangi ya kiwandani, hazijaguswa na spana ya mtu yeyote. Alipozifungua ilitoka oili nyeusi tititi, inanuka kuungua, na sumaku ya ndani imejaa unga wa chuma mzito kama uji. Giaboksi imejitafuna yenyewe, alisema. Kuweka nyingine ni zaidi ya bei ya gari lenyewe.

Nikamtolea zile kadi unazotundika kwenye usukani kila ukimaliza kazi. Zote sita. Kila moja inasema oili ya gia imebadilishwa, na tarehe, na kilomita, kwa mwandiko uleule uliokuwa ukiniandikia jina kwenye majalada ya madaftari. Bibi Gia alizisoma moja moja, akanirudishia, akaenda kunawa. Nilimwambia ni kaka yangu. Akasema pole. Kaka, nimelia mbele ya mtu nisiyemjua kwa sababu yako, na yeye ndiye aliyeona haya, si wewe.

Nikakumbuka kile kijiti cha kupimia oili ya gia. Kila mara unaniita, unafungua boneti kwa madoido, unachomoa kijiti na kukifuta kwenye kitambaa cheupe ili nione oili ilivyo nyekundu, safi kama sharubati. Na hivyo vitambaa nilikuletea mimi, mabaki ya mashati ya shule ninayoshona. Umenidanganya kwa kitambaa changu mwenyewe. Kama ungeniomba zile pesa za oili ninazokulipa ningekupa, na kama sina ningeuza cherehani. Kwa nini ulipitia kwenye gari la mama?

Sasa nimefika ninapopaogopa. Hayo ya Bibi Gia hayakuwa mageni kwangu yote. Mwaka jana, siku ya kadi ya nne, nilifika gereji kwako mapema kuliko tulivyopatana. Geti lilikuwa wazi kidogo. Nikakuona umeinama, unachovya kijiti kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi cha mwanao, na ndani ya kichupa mlikuwa na oili mpya nyekundu. Nilirudi nyuma mpaka barabarani, nikaja tena nikiburuza ndala ili unisikie. Ukaniita nione. Nikaona, nikasifu, nikakulipa. Nilijiambia una shida usiyoweza kuitamka, na kwamba wapo watu wanaoendesha miaka mingi bila kugusa oili ya gia na magari yao yanakwenda. Wewe uliniita Kidomo tangu utotoni kwa sababu sikuweza kuficha neno hata la pipi. Hilo nililiweza.

Na Jumanne ile, uliposema umeibadilisha mwezi uliopita, nilijua ni uongo maneno yakiwa bado sikioni. Magari yalikuwa yanatupita. Ningesimamisha moja tu, mama angefika. Lakini kumshusha kungekuwa kumweleza kwa nini siamini neno lako, na mimi sikuwa na ubavu huo. Nikachagua nusu saa. Mama amesalitiwa na wanawe wawili, kaka, na mmoja alikuwa ameketi kando yake akimkinga jua. Langu nimemwambia daktari aliponiuliza kwa nini tulichelewa, na mama nitamwambia akipata nguvu. Lako sitalisema mimi. Wala sijakusamehe, nisikudanganye.

Humu ndani nimekuwekea kadi tano. Ya sita, ile ya mwezi uliopita, mama aliikuta kwenye mkoba wangu akaichukua. Ameitia kwenye pochi yake pamoja na picha ya baba, na kila muuguzi akija kumpima anaitoa, anamwonyesha mwandiko wako, anamwambia aone mwanawe anavyomtunzia gari. Mimi siwezi kumnyang'anya. Hiyo utakuja kuiomba mwenyewe.

Msalimie sana wifi, mwambie matunda yalifika, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Saa za kuwaona wagonjwa ni kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili. Nitakuwa hapahapa kwenye benchi, na ukija nitakupisha uingie peke yako.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomo